Laki Nane na Sabini za Mama wa Kibaigwa

Kisa hiki ni cha kutunga. Fundi ninayemsimulia hana jina, na ukienda Nkuhungu kumtafuta utakutana na mafundi wengi wa kuchomelea wasio yeye. Ila yeyote mwenye laini ya simu inayopokea hela atajua mwenyewe kama nimetunga sana au nimetunga kidogo.

Fundi huyu ana karakana ya mabati pembeni ya barabara mjini Dodoma, mji ambao tangu serikali ihamie haupumziki kujenga. Nyumba ikishaezekwa inataka geti, inataka madirisha, inataka grili. Kazi ipo. Tatizo lake ni la mafundi wengi: hela ya mteja wa leo inamalizia kazi ya mteja wa jana. Mteja anatuma kianzio kwenye simu, nusu ya bei, ili fundi akanunue skwea paipu, shiti na vijiti vya kuchomelea. Fundi anavinunua kweli, lakini vya geti la mtu aliyetangulia, maana kianzio cha yule kilishakwenda kwenye ada ya mtoto. Mafundi wanajua ninachosema. Wateja wao wanakijua zaidi.

Alhamisi moja, saa tisa alasiri, ujumbe ukaingia: amepokea 870,000. Mtumaji ni mwanamke mwenye majina matatu, yote mageni. Fundi akajaribu kukumbuka ni mteja gani, wa geti lipi, akashindwa. Akaangalia salio, akakuta halijafika hapo: 46,500 zilikuwa zimekatwa papo hapo kulipa Songesha, mkopo wa simu aliouchukua wiki mbili nyuma ili anunue umeme. Mashine ya kuchomelea inakula umeme kuliko mtu anavyokula ugali. Hajamaliza kupiga hesabu, simu ikaita.

"Halo, kaka yangu, habari za saa hizi?"

"Nzuri. Nani mwenzangu?"

"Mimi ni mama mfanyabiashara, niko Kibaigwa hapa sokoni. Samahani sana, kaka yangu. Kuna hela nimeituma sasa hivi imeingia kwako. Nilikuwa namtumia mtu wa mahindi Kiteto, nimekosea tarakimu ya mwisho. Nakuomba unisaidie, ile hela siyo yangu peke yangu."

"Mama, matapeli mko wengi siku hizi."

"Siyo tapeli mimi, baba. Angalia salio lako."

Akakata simu.

Mpaka hapa mimi simlaumu. Ni nani nchini hajawahi kupokea ule ujumbe wa "ile hela itume kwenye namba hii"? Ni nani hajapigiwa simu na sauti ya unyonge ikilia kwamba hela ya mgonjwa imekwenda kusikohusika? Utapeli huu una sura zaidi ya moja. Upo ule wa kitoto: ujumbe wa kughushi unaofanana na wa kampuni, ila umetoka kwenye namba ya mtu, na hela hakuna. Ukiwa na haraka unatuma hela yako halisi kulipa hela ya hewa. Upo wa wajanja zaidi: hela inaingia kweli, lakini imechomolewa kwenye laini ya mtu mwingine, na wewe unaombwa uisogeze mbele kwenye namba ya tatu. Mwenye laini akilalamika, nyayo zinaishia mlangoni kwako. Na upo wa tatu, ambao ndio mchungu kuliko yote kwa mtu mwema: unamrudishia mtumaji kwa mkono wako, na yeye huku nyuma keshaiomba kampuni imrejeshee muamala. Unalipa mara mbili kwa wema mmoja.

Kwa hiyo mtu akipigiwa simu ya namna hiyo ana haki ya kuwa mgumu. Aangalie salio, maana ujumbe unaweza kughushiwa na salio haliwezi. Asitume popote kwa kuelekezwa na sauti asiyoijua, na namba yake ya siri asimtajie mtu. Apige mwenyewe huduma kwa wateja, aseme kuna kiasi kimeingia siyo changu, naomba kirudi kilikotoka. Hela ikirudi kwa njia ile ile iliyojia, haiwezi kwenda kwa tapeli na haiwezi kurudi mara mbili. Wakati anasubiri, asiiguse. Kazi yote ni hiyo.

Sasa mpime fundi wetu kwa kipimo hicho. Anayeogopa tapeli huiacha hela ikae kama bomu: hasogei, hatoi, hanunui. Fundi alifanya nini? Saa tisa na nusu alikuwa kwa wakala.

Wakala wa kwanza hakuwa na keshi ya kutosha, akamtolea laki tatu. Wa pili, dada mmoja mwenye meza chini ya mwavuli, alihesabu laki tano zilizobaki mara mbili, akazifunga kwa raba, akamtania: "Fundi, umeuza kiwanja?"

"Mteja wa geti," fundi akajibu.

Ndiyo sentensi iliyomtenga na yule mama. Kabla ya hapo alikuwa mtu aliyetumiwa hela kwa bahati mbaya, jambo lisilo na aibu yoyote. Baada ya hapo alikuwa mtu mwenye maelezo. Na maelezo, tofauti na hela, hayaishi: usiku ule alimpa mke wake maelezo yale yale, akayaongezea kwamba mteja mwenyewe ni mkubwa wa wizarani. Namba ya mama wa Kibaigwa alikuwa keshaizuia isimpigie.

Asubuhi alikwenda kununua vyuma. Sitaki msomaji amwone fundi kama mtu wa anasa, kwa sababu hela hii haikununua bia wala suti. Ilinunua shiti na mabomba ya geti la mteja aliyekuwa akisumbua tangu mwezi uliopita. Ililipa kodi ya karakana. Ilikwenda kwenye tundu lililokuwepo, na hapo ndipo ugumu wa mambo haya ulipo: hela ya kosa humkuta mtu na shida halali. Angekuwa hana shida, angeirudisha siku ile ile na kusimulia kwa majivuno kwenye kijiwe cha kahawa. Wengi tunaojisifu kwa uaminifu hatujawahi kujaribiwa tukiwa na deni la kodi mfukoni.

Jumapili alikwenda kanisani na kutoa sadaka ya elfu ishirini, kubwa kuliko kawaida yake. Kwa wiki mbili alikuwa akiomba Mungu afungue njia, na njia ilifunguka Alhamisi saa tisa. Alilisema hilo kwa wenzake bila kutaja simu ya Kibaigwa. Neno "riziki" lina kazi nzito katika maisha yetu, na wala sitaki kulipunguzia heshima, ila halijawahi kufuta jina la mwenye mali. Biblia anayobeba kila Jumapili ina sura ya sita ya Walawi, inayomtaka aliyeshika mali ya mwenzake kwa hila airudishe nzima na kuongeza sehemu ya tano juu yake. Majirani zake Waislamu wana hukumu ya kitu cha kuokota: kitangazwe mwaka mzima, mwenyewe akitokea apewe. Hapo tunazungumzia kitu ambacho mwenyewe hajulikani. Mama wa Kibaigwa alijitangaza mwenyewe, kwa sauti yake, kabla dakika tano hazijaisha. Kama ni jibu la maombi, basi jibu hilo lilikuja na namba ya simu ya mwenye hela.

Tuje kwenye sheria, nayo haina maneno mengi. Sheria ya Mikataba ya Tanzania, Sura ya 345, kifungu cha 72, inasema aliyelipwa fedha au kupewa kitu kwa makosa anawajibika kurudisha. Haiulizi kama aliomba. Haiulizi kama aliyekosea ni mzembe, wala kama mpokeaji alikuwa na shida. Kenya wamekwenda mbali zaidi: sheria yao ya makosa ya kompyuta ya mwaka 2018 inamfanya mkosaji wa jinai mtu anayeficha kwa makusudi malipo ya kielektroniki yaliyomfikia kimakosa, na adhabu yake ni faini isiyozidi shilingi 200,000 za huko, au kifungo kisichozidi miaka 2, au vyote viwili.

Mtu wa mtaani atakwambia: wao ndio wamekosea, wabebe msalaba wao. Hoja hii haisemwi na maskini peke yao. Agosti 2020, benki ya Citibank ya New York ilikuwa itume riba ya dola zisizofika milioni 8 kwa waliokuwa wameikopesha kampuni ya vipodozi ya Revlon. Kwa makosa ya kujaza fomu kwenye kompyuta, ikatuma karibu dola milioni 900. Baadhi ya waliopokea walirudisha. Wengine, matajiri wenye mawakili, wakakataa kuachia takriban milioni 500, wakisema: sisi tulikuwa tunadai kweli, na deni letu limelipwa, basi. Februari 2021 jaji akakubaliana nao. Ikachukua hadi Septemba 2022 mahakama ya rufaa kuitengua hukumu ile. Wakopeshaji hao walau walikuwa na cha kushika: walikuwa wanadai. Fundi wetu alikuwa hamdai mama yule hata senti.

Hoja nyingine ni ya wingi: wote wangefanya hivyo. Ethiopia walilijaribu hilo mchana kweupe. Machi 2024 mfumo wa Benki ya Biashara ya Ethiopia ulipata hitilafu, watu wakawa wanaweza kutoa hela kuliko walizonazo. Habari zikaruka usiku kucha kwenye mabweni ya vyuo vikuu, foleni zikapangana mbele ya mashine za kutolea fedha, kila mmoja akimvuta mwenzake. Foleni inatia moyo. Ukiwa wa themanini unahisi wale sabini na tisa wamekwisha kukuombea ruhusa. Lakini daftari la benki haliandiki foleni, linaandika mtu mmoja mmoja. Benki ikawataka warudishe, vyuo vikatoa matangazo, wengi wakarudisha wenyewe, na kwa zaidi ya 500 waliobaki benki ikabandika majina na picha zao kwenye matawi. Hebu fikiria mzazi aliyekwenda kuweka hela ya ada akakuta picha ya mwanawe ukutani.

Tumrudie mama, maana katika visa hivi aliyekosea tunamsahau haraka, kana kwamba kosa lake limemtoa kwenye hadithi.

Soko la nafaka la Kibaigwa, kando ya barabara kuu ya Dodoma kwenda Morogoro, linakusanya mahindi ya Kongwa, ya Kiteto na ya kwingineko. Mama alikuwa ananunua kwa niaba ya wenzake wawili. Laki nane na sabini ilikuwa michango ya watu watatu. Lori lilikuwa linapakia Kiteto, mwenye mzigo anataka hela kwanza, kuna mnunuzi mwingine amesimama pembeni. Mama akaandika namba akiwa anasukumwa na wapagazi. Simu ikamwonyesha jina la anayetumiwa kabla hajathibitisha, kama inavyofanya siku zote. Aliliona jina bila kulisoma. Hilo ni kosa lake na hakulikana hata mara moja. Sekunde tatu za kusoma jina zingemwokoa yeye na kumwokoa fundi.

Alipogundua, alimpigia fundi, akakatiwa. Akapiga tena, namba haipatikani. Akapiga huduma kwa wateja. Aliyepokea alimsikiliza, akaangalia, akamwambia ukweli: kiasi kile kingekuwa bado kimo kwenye akaunti ya mpokeaji kingeweza kushikiliwa, lakini kimetolewa. Muda ulikuwa saa kumi na dakika chache. Lori la Kiteto likaondoka na mzigo wa mtu mwingine. Wale wenzake wawili walimwamini, au walisema wanamwamini; mmoja wao aliomba aone ujumbe wa muamala kwa macho yake, na mama alinyoosha simu bila kusema neno. Anayeuliza hela ya kosa inamuumiza nani afikirie mkono ule unaonyoosha simu.

Akaenda polisi, akafungua jalada, akapewa RB. Kisha akafanya kitu ambacho fundi hakukiwazia. Aliihifadhi ile namba kwenye simu yake na kufungua WhatsApp.

Fundi alikuwa pale, kwenye picha, amesimama na miwani ya kuchomelea kichwani, mkono umeegemea geti jeusi lenye maua ya dhahabu. Nyuma yake bango: mageti, madirisha, grili, ngazi, mtaa, na namba ya simu. Ile ile.

Hili la namba nataka tulitazame kwa makini, kwa sababu ndilo linalowapoteza wengi. Mtu anadhani kuzuia simu ya mlalamikaji ni kujificha. Lakini kwa fundi, kwa mama lishe anayepokea oda, kwa dereva wa bodaboda, namba ndiyo duka. Ameiandika ukutani, ameipaka rangi kwenye kila geti alilowahi kutengeneza, ameisajili kwa alama za vidole, maana tangu Januari 2020 laini zisizosajiliwa hivyo zilianza kuzimwa. Huwezi kuificha namba kwa mtu mmoja na kuitangaza kwa mji mzima.

Hata pasipo bango, hela inaacha makaratasi. Mwaka 2017 mwanafunzi mmoja wa chuo kikuu Afrika Kusini, aliyestahili randi 1,400 za chakula kwa mwezi, aliwekewa zaidi ya randi milioni 14 kwa makosa ya kampuni iliyokuwa inagawa fedha hizo. Akanyamaza. Ndani ya miezi michache alikuwa ametumia zaidi ya randi 800,000 kwa nguo, simu na starehe. Kilichomuumbua ni kijikaratasi: risiti ya duka iliyoonyesha salio la zaidi ya milioni 13 ilisambaa mikononi mwa watu. Mwaka 2022 mahakama ilimkuta na hatia ya wizi na kumpa miaka 5. Rufaa ikailegeza adhabu, hatia ikabaki palepale. Randi 1,400 zilikuwa haki yake, na hakuna ambaye angemuuliza.

Mama ana mpwa anayesoma Chuo Kikuu cha Dodoma. Jumatano iliyofuata kijana alifika karakanani akajifanya anaulizia bei ya dirisha, akahakikisha sura, akaondoka. Alhamisi alirudi na shangazi yake. Hawakuja na polisi. Walipitia kwanza kwa mwenyekiti wa mtaa. Mama ndiye aliyetaka hivyo. Alisema fundi akiwekwa ndani hatachomelea, na asipochomelea hatalipa.

Ofisi ya serikali ya mtaa ilikuwa na benchi mbili na watu sita, pamoja na wawili waliokuja kugongewa muhuri wa barua wakaamua kusubiri kidogo. Fundi alianza kwa kusema alidhani ni utapeli.

"Sawa," mwenyekiti akasema. "Ulidhani utapeli. Ukapiga kampuni kuuliza?"

Kimya.

"Ukaja hapa kwangu kuniambia, mwenyekiti, kuna hela imeniingilia siielewi?"

"Sikuja, mzee."

"Ila kwa wakala ulikwenda."

Mmoja wa wale wa muhuri akacheka, akajifanya amekohoa.

Fundi akakubali hela iliingia, akakubali ameitumia, akaahidi kulipa. Akabakiza hoja moja, na kwa kweli alionekana kuiamini: "Ila mzee, mimi sikupokea 870,000. Songesha ilikata 46,500 kabla sijaigusa. Hiyo sikuila mimi."

Watu wakatazamana. Ni hoja ya mtu aliyelala nayo siku kadhaa akiipiga msasa. Na si ya kipuuzi: ni kweli hakuigusa, ni kweli mfumo haukumuuliza. Alishamwambia mama njiani kuja ofisini kwamba hata siku ile asingeweza kurudisha kamili, kwa hiyo angerudishaje pungufu?

Mwenyekiti alimuuliza mpwa, kwa kuwa ndiye msomi wa chumba. Kijana akajibu kwa swali: "Deni lile lilikuwa la nani?"

"Langu."

"Baada ya hela ya shangazi kuingia, bado unadaiwa?"

"Hapana."

"Basi shangazi amekulipia deni."

Hapo hata mimi sina la kuongeza, isipokuwa hili: siku ile ya kwanza, mtu mkweli mwenye deni kama lake angemwambia mama, "Hela yako imeingia, ila mtandao umekata 46,500 kwa deni langu, 823,500 ipo, naomba kampuni irudishe, hiyo nyingine nitakupa mwezi ujao." Nani angemkataa? Mama angemwombea dua mpaka Kiteto. Pungufu iliyotajwa mapema ni bahati mbaya ya watu wawili. Pungufu hiyo hiyo ikitajwa wiki moja baadaye, mbele ya mwenyekiti, inasikika kama ujanja.

Wakaandikiana. Kianzio cha 150,000 siku ile ile, kilichotolewa na mke wa fundi kutoka kwenye mchezo wake wa upatu. Hapo ndipo mke alipojua yule mteja wa wizarani ni nani. Baki igawanywe kwa miezi. Mwenyekiti alimuuliza mama kama anadai fidia ya faida ya mahindi aliyoikosa. Mama akasema anataka chake tu. Fundi, kwa sauti ya chini, akauliza kama kuna chochote cha soda kwa usumbufu wa kufuatilia, na kwa sekunde moja hakuna aliyeelewa anamaanisha yeye ndiye apewe. Nalisema hili kwa sababu lipo: wako wanaorudisha wakiwa wamejikatia wenyewe "ya soda" kwanza. Shukrani ukipewa pokea, haina ubaya. Kujikatia ni kujilipa mshahara kwa kutoiba.

Alilipa. Si kwa tarehe walizoandikiana, lakini alilipa yote, na RB ikafungwa. Kama hesabu ingeishia kwenye zile laki nane na sabini, ningesema ameponyoka. Haikuishia hapo, kwa sababu wale wawili wa muhuri walikuwa na midomo, na mmoja wao alikuwa anajenga.

Hakuna aliyemtukana fundi. Hakuna aliyeacha kumsalimia. Walichofanya ni kuacha kutuma vianzio. Kazi yake nzima ilisimama juu ya jambo moja: mtu asiyemjua anatuma hela kwenye namba iliyopakwa rangi getini, akiamini mwenye namba hatamdhulumu. Fundi alikuwa anaishi kwa uaminifu ule ule aliomnyima mama wa Kibaigwa, na hakuwahi kuuhesabu kama mali kwa sababu haukatiwi risiti.

Mafundi wanapata faida mahali pawili: kwenye ufundi, na kwenye vyuma. Dukani fundi anayenunua kila wiki anapunguziwa bei, na tofauti ile ni yake. Vipande vinavyobaki navyo vinakuwa miguu ya stuli na grili ndogo za kuuza. Sasa wateja walianza kununua vyuma wenyewe. Fundi akabaki na ufundi peke yake, na hata huo walimlipa kazi ikiisha. Hakuna kianzio cha leo cha kumalizia geti la jana. Ukikokotoa faida ya vyuma kwa geti moja, mara mageti ya miezi kadhaa, unaipita 870,000 kabla mwaka haujaisha.

Mteja mmoja, mama wa makamo anayejenga nyumba ya vyumba vitatu, alileta mabomba yake kwa guta, akayahesabu yakishushwa, akavuta kiti cha plastiki na kukaa kivulini. Fundi alipima, akakata, cheche zikaruka. Kila kipande kilichodondoka, hata cha urefu wa kiganja, mama alikitia kwenye kiroba alichokuja nacho.

"Mama, siku nyingine unitumie tu hela," fundi akasema, akizima grinda. "Mimi nanunua kwa bei ya fundi. Hapa umepigwa karibu elfu sitini."

"Najua, baba," mama akasema. "Bora nipigwe na mwenye duka. Wewe endelea kukata."